Nukta Chini ya Herufi

Jumamosi moja mwaka 2016 nilikuwa nazunguka Soko la Wamaasai, lile linalotandazwa kwenye maegesho ya Mahakama Kuu katikati ya Nairobi, nikitafuta shanga za rafiki yangu aliyekuwa anaolewa. Nilipofika kwenye banda la picha za fremu, miguu ikagoma. Mbele yangu kulikuwa na matangi sita ya maji juu ya paa, nyaya za antena zimepishana, na mwanamke ameinama akikamua shuka. Paa lile nalijua. Ni la jengo ninamoishi, Tassia, Embakasi. Yule mwanamke ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu. Picha ile niliichonga kwa mkono wangu, nikachapa nakala 20, na 12 kati yake nikaziuza kwa duka moja la mapambo lililoahidi kunitangaza.

Chini ya picha, kwenye ukingo mweupe, nilikuwa nimeandika jina langu kwa penseli pamoja na namba ya nakala, kama wachapaji wa picha wafanyavyo kila mahali. Ukingo ule haukuwapo. Mtu alikuwa ameukata kwa wembe, tena kwa unyoofu wa fundi, ili picha iingie kwenye fremu ndogo ya bei nafuu. Niligeuza fremu. Nyuma palikuwa na kibandiko cha lile duka, na chini yake maneno machache yaliyosema kwamba hii ni kazi ya mikono ya Kenya.

Nikamuuliza muuzaji ni nani aliyeichora. Alikuwa mtu mpole, hakuwa na neno baya.

"Ni vijana tu wa huko mtaani, dada," akanijibu.

Nilirudi Embakasi kwa matatu. Barabara ya Outer Ring ilikuwa inapanuliwa wakati ule, tukakwama katikati ya vumbi na matingatinga kwa zaidi ya saa nzima, nami nikapata muda wa kutosha wa kukasirika na kupoa. Hasira ilipopoa ndipo lile jibu lilipoanza kuniuma. Yule muuzaji hakusema uongo. Mimi ni wa huko mtaani. Alichokosa ni kitu cha kumwambia ni yupi, na kitu hicho nilikuwa nimekiandika kwa penseli mahali panapokatika kwa wembe.

Usiku ule niliamua kwamba jina langu litaingia ndani ya picha yenyewe, lichongwe pamoja nayo, na anayetaka kuliondoa aharibu picha.

Niseme kidogo jinsi ninavyofanya kazi, maana mengi yaliyofuata yalitokana na vifaa. Tassia ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, jirani na Fedha na Pipeline. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa jengo la pili, na ndani taa huwaka saa sita mchana. Kwa hiyo kazi yangu hufanyika juu ya paa, kati ya matangi na kamba za kuanikia nguo, ndege zikipita juu zikielekea kutua. Kamba hizo tumekubaliana na majirani: asubuhi ni za nguo, alasiri zikishaanuliwa ni za karatasi zangu, na vibanio ni vile vile.

Ninachonga kwenye raba ya soli, mabaki ninayonunua kwa fundi viatu. Visu vyangu ni njiti za miavuli mibovu. Njiti ya mwavuli ina mfereji katikati. Ukiinoa ncha kwenye jiwe na kuipigilia kwenye kipande cha mpini wa ufagio, unapata tindo ndogo inayokata raba kama siagi. Njiti ya mwavuli wa kawaida hukata mstari mwembamba kama uzi. Ile ya mwavuli mkubwa wanaokaa chini yake wauza mboga hukata mfereji wa upana wa punje ya mchele. Nikishachonga, napaka wino kwa rola, nalaza karatasi juu, kisha nasugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Palipobaki juu hushika wino, palipochongwa hubaki peupe.

Kuchapa ni kazi ya kinyume. Ulichochonga upande wa kulia hutokea kushoto. Hilo nililijua vizuri kwa picha, lakini siku ya kwanza ya kuchonga jina nilikuwa na haraka na uchungu wa sokoni bado ulinishika. Nikachonga jina zima kama ninavyoliandika. Nakala ya kwanza nilipoinua karatasi, mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alikuwa amesimama begani kwangu. Akalitazama lile jina lililogeuka, akajaribu kulisoma, akaniuliza kama ni Kiarabu.

Nikalichonga upya, safari hii kinyume. Likasomeka kwenye nakala tatu. Herufi zenye tumbo, a na e na o, zilikuwa ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti, na kufikia nakala ya nne matumbo yote yalikuwa yamejaa wino. Pale penye jina pakawa na kiwavi mweusi. Hapo nikaelewa kwa nini watu wa kazi hii, tangu zamani, hupunguza jina likabaki herufi mbili au tatu zilizofungamana, ile inayoitwa monogramu. Kabla ya hapo nilidhani ni mapambo ya matajiri, kitu cha kudarizi kwenye leso za mkononi na mashuka ya harusi. Kumbe kwa mchapaji ni suala la ukubwa wa tindo.

Basi nikaanza kuchora herufi. Nilijaza daftari la kurasa 96. Herufi ndani ya ngao. Herufi ndani ya ramani ya Afrika. Herufi iliyokuwa mkonga wa tembo. Ukurasa kwa ukurasa nilikuwa nachora alama za kumfurahisha mtalii, na nilipozitazama baada ya juma moja sikuona hata moja inayoweza kunitambulisha mimi na isimtambulishe mtu mwingine yeyote. Sina ngao. Tembo nilimwona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima.

Aliyenitoa huko ni fundi wa maandishi aliyekuwa akiandika ukuta wa kinyozi chini ya jengo letu. Mafundi hawa ndio walimu wa herufi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, na sidhani tunawapa heshima yao. Tembea mtaa wowote wa huku uangalie kuta za maduka: vichwa vya nywele zilizosukwa, kuku wa kukaanga, magurudumu, soda, na kwenye kona ya chini jina la aliyeandika na namba yake ya simu. Huyo wa kwetu alikuwa na herufi yake moja yenye mkia, kila ukuta mkia ule ule. Nilimpelekea daftari. Akalifungua kwa vidole viwili kwa sababu mikono ilikuwa na rangi, akapitia kurasa bila kusema kitu, akalifunga.

"Dada, hebu chora moja hapo chini kwa kidole."

Hapo chini palikuwa na vumbi. Nikainama, nikajaribu ile ya ngao, nikakwama katikati, nikafungua daftari kutazama.

"Ukilazimika kutazama, si yako. Umeiazima," akasema. Kisha kwa ncha ya kiatu chake akaandika ile herufi yenye mkia kwenye vumbi, mara moja, bila kuinua mguu, akarudi kwenye ngazi yake.

Jina langu linaanza na W. La baba linaanza na M. Nilirudi juu nikaziandika kwa kidole kwenye vumbi la paa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kidole chenyewe kikaanza kuziondolea vilivyozidi. Miguu ya M ikalala ikawa vilele viwili. W ikawa mabonde mawili. Nilipoiweka M juu ya W, vilele juu ya mabonde, zikagusana miguu na kutoa almasi mbili zilizoshikana ubavu. Nikacheka peke yangu. Ni umbo lililokuwa mbele ya macho yangu kila siku, kwenye vyuma vya madirisha ya Tassia nzima na kwenye mbavu za viondo vya mama. Tena lina faida ambayo mchapaji huiombea: M na W hazina kulia wala kushoto. Ukizichonga hivi au kinyume, hutokea vile vile. Sikuhitaji tena kugeuza kitu kichwani.

Katika miezi ile nilikuwa natazama alama za wengine popote nilipokwenda. Mombasa, katika Mtaa wa Biashara, nilinunua leso mbili za mama, na nilipozikunjua nikasoma ile chapa ambayo kina mama wa pwani wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Herufi hizo tatu ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana kama Abdulla. Leso hubadilika rangi, pindo na jina kila toleo, mwanamke huchagua methali inayosema la moyoni mwake, lakini zile herufi hubaki palepale. Mnunuzi huzitafuta kwa jicho kabla ya kupapasa kitambaa.

Nilisoma pia habari za Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg aliyekufa mwaka 1528, mchapaji aliyenitangulia kwa miaka 500 katika kazi hii hii ya kuchonga na kusugua. Alama yake ni A pana yenye miguu iliyotanuka, na D ndogo imeingia chini yake kama mtoto aliyejificha chini ya meza. Giorgio Vasari anasimulia kwamba huko Venice mchongaji Marcantonio Raimondi alinakili picha za Dürer na alama yake juu, Dürer akaenda kushtaki, na wakuu wa mji wakaamua kwamba Raimondi asitumie tena ile alama. Kunakili picha zenyewe hawakukukataza. Nilipoisoma hukumu hiyo niliona ni nusu ya haki. Siku hizi nafikiri wale wakuu walijua jambo moja: picha inaweza kuigwa na yeyote mwenye mkono mwepesi, ila kusema "nimeifanya mimi" ni neno la mtu mmoja tu.

Karibu nasi kuna mfano mchungu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. Jina lake likawa jina la mtindo mzima, wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wakaishi kwa mtindo huo, na hadi leo picha za kughushi zenye jina lake huzunguka sokoni. Marehemu hawezi kuinua mkono akasema hii si yangu. Na kwa upande wetu yupo Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954 akaitwa Walter Njuguna Mbugua. Aliacha ualimu ili achore, watu wakasema amerukwa na akili, naye akajipa jina Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Kila anapolitia kwenye picha anawajibu tena. Washairi wa Kiswahili nao wanaijua njia hii. Andanenga alijiita Sauti ya Kiza na wasomaji wakamjua kwa lakabu hiyo kama kwa jina lake.

Almasi zangu mbili nilizichonga kwenye kona ya kila picha kwa karibu mwaka mzima, nikiwa na amani. Kisha mteja mmoja wa Fedha akanialika kwake nione alivyoning'iniza picha yake. Ilikuwa picha ya nguo kwenye kamba na vivuli vyake sakafuni. Aliitundika juu chini. Vivuli vilikuwa juu, nguo zikaning'inia kutoka ardhini. Nilipomwambia kwa adabu, aliona haya, akanionyesha kona: "Nilitazama hii alama, nikaona imekaa sawa." Ilikuwa imekaa sawa kweli. Almasi mbili ukizigeuza ni almasi mbili. Nilichodhani ni uzuri wake ndicho kilichokuwa kasoro yake. Haikujua chini wala juu, na zaidi ya hapo, kama mteja yule alivyoniambia baadaye, yeye siku zote alidhani ni pambo. Hakuwahi kuona herufi.

Mama alikuja kunitembelea Desemba ile. Anaishi kijijini, Machakos, na hapendi ngazi zetu, lakini alipanda hadi juu ya paa kuona ninachofanya. Nilimpa picha mkononi. Akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii inashikwa wapi?" akauliza.

"Kivipi, mama?"

"Chungu cha nyanya yako kilikuwa kinajulikana kinashikwa wapi. Alikuwa anaweka alama yake shingoni, na tone moja chini yake. Hata gizani, ukipitisha kidole, unajua."

Nilikuwa nimesahau. Hilo naliandika kwa masikitiko, kwa sababu nilimwona nyanya akifinyanga nikiwa mtoto wa miaka sita au saba. Ukambani ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na kila mfinyanzi huwa na alama yake anayoikwaruza kwenye udongo kabla haujakauka. Kuna mtafiti aliyeandika tasnifu nzima ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1981 kuhusu ufinyanzi wa nyanda za juu za kusini-mashariki mwa Kenya, na jina aliloipa ni la alama hiyo hiyo ya mfinyanzi. Ya nyanya ilikuwa mistari miwili iliyopishana. Mama anasema nyanya aliipokea kwa mwanamke aliyemfundisha, yeye akaongeza nukta ili vyungu vyao visichanganyike sokoni. Nukta aliibonyeza kwa ncha ya bua.

Huyo ndiye nyanya ambaye kwenye kitambulisho chake, mahali pa sahihi, palikuwa na dole gumba. Karani alimwona mzee asiyejua kutia sahihi. Wakati huo huo katika nyumba nyingi za kule kijijini maji yalikuwa yanapoa ndani ya vyungu vyenye sahihi yake shingoni.

Mama alipoendelea kusimulia, jambo moja likanirudia kwa uwazi ulionitisha. Vyungu vilikuwa vimetoka kwenye moto na kimoja kilikuwa na ufa, mwembamba, kutoka tumboni kuelekea juu. Nikamwomba nyanya anipe nichezee. Nyanya akakishika, akachukua jiwe, akagonga shingo mpaka kile kigae chenye alama kikabanduka. Akakitia mfukoni mwa aproni. Kilichobaki ndipo akanipa. Nililia kwa sababu niliona amekiharibu chungu changu. Sasa nikiwa nimesimama juu ya paa na picha mkononi, nilijua alichokuwa anafanya. Chungu kile kingeweza kunifaa mimi kupikia mchanga, lakini hakikuwa cha kubeba neno lake.

Niliongeza nukta wiki ile ile. Ikakaa chini, katikati ya almasi mbili, penye lile bonde dogo, na mara moja alama ikapata miguu. Aliyesoma madrasa hahitaji kuelezwa nguvu ya nukta: umbo ni lile lile, ukiweka nukta moja chini ni be, ukiweka mbili juu ni te. Watu wakaanza kuisoma alama yangu. Mteja wa Fedha akaniambia, bila kuulizwa, "Ahaa, ni M na W."

Lakini raba ikakataa. Nukta ndogo iliyosimama peke yake kwenye raba haina wa kuiegemea. Ukiisugua kwa kijiko huyumba, na baada ya nakala kumi au kumi na tano hung'oka. Nilijaribu kuiacha kubwa, ikawa kama doa la mafuta. Mwishowe nikaacha kuichonga. Herufi nikaziacha kwenye raba, na nukta nikaanza kuitia kwa mkono mwishoni kabisa, picha ikishakauka: natumbukiza kichwa cha msumari mdogo kwenye wino, nabonyeza mara moja, nainua. Hutoka duara safi.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya raba. Faida yake kubwa niliiona polepole. Herufi zilizochongwa hutokea kwenye kila nakala, nzuri na mbaya, hata ile ambayo karatasi iliteleza au wino ulikuwa mwepesi. Raba haichagui. Nukta ndiyo inayochagua, kwa sababu kabla ya kuibonyeza lazima niketi na nakala moja moja mbele yangu, msumari mkononi, nijiulize kama niko tayari kuijibia. Isiyofaa haipati nukta, na isiyo na nukta haiuzwi. Naikatakata inakuwa karatasi ya kujaribia wino.

Kiswahili kimelijua jambo hili zamani kuliko mimi. Mtaani Nairobi tunasema saini, neno tulilolitoa kwa Mwingereza, nalo halina zaidi ya kuandika jina. Neno la kale ni sahihi, na sahihi ni hilo hilo tunalolitumia kwa hesabu iliyofika, kwa jambo lisilo na kosa. Anayetia sahihi anasema kitu hiki ni sahihi.

Nami nimewahi kudanganya kwa nukta hiyo. Ilikuwa Januari, kodi ya nyumba imepita tarehe, na nilikuwa na oda ya picha 30 za ofisi moja. Nakala sita zilitoka hafifu upande wa kushoto, kama zimepigwa na jua. Niliketi nazo mpaka saa tano usiku. Kisha nikabonyeza msumari mara sita, haraka haraka, nikazichanganya katikati ya zile nzuri. Hakuna aliyelalamika. Pesa ziliingia, kodi ikalipwa. Miezi miwili baadaye nilikwenda ofisi ile kwa shughuli nyingine, nikaiona moja ukutani, karibu na mlango, chini ya taa kali. Upande wa kushoto ulikuwa umefifia, na chini kulikuwa na nukta yangu, nyeusi, duara safi, ikishuhudia kwamba nimeiona na nimeridhika. Nilimwambia mhusika ukweli. Alisema yeye hakuona tofauti yoyote. Nilichapa nyingine sita nikambadilishia, na zile za kwanza nikazikata kona mwenyewe. Vipande sita vya almasi vimo kwenye kopo la chai juu ya kabati langu.

Kuhusu sheria nitasema machache, maana vijana wengi wa mtaani huniuliza. Kazi ya sanaa inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 tangu unapoitengeneza, hata kama hujaisajili popote, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kutambuliwa kuwa ndiwe uliyeitengeneza, ambayo ndiyo haki iliyokatwa kwa wembe kwenye ile picha ya matangi. Alama yenyewe, ukitaka iwe chapa ya biashara, unaisajili katika taasisi ya mali ya viwandani, KIPI, nao usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Inafaa kufanya hivyo pesa ikipatikana. Lakini nimewaona wenye vyeti ambao kazi zao huwezi kuzitofautisha na za jirani, na ninamjua msusi asiye na karatasi yoyote ambaye kikapu chake nakitambua mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Ninachowaambia ni hiki: anza na vumbi na kidole. Tumia herufi zako, acha ngao na tembo. Ichonge ndani ya kazi, si pembeni. Hakikisha inasema juu ni wapi na chini ni wapi. Na bakiza sehemu moja, hata iwe ndogo kama kichwa cha msumari, ambayo hutaitia mpaka umekwisha kuitazama kazi mara ya mwisho.

Mimi huenda Soko la Wamaasai mara chache sasa, na kila ninapokwenda nageuza vitu. Twiga wa mti, bakuli la jiwe la Tabaka, kinyago, sinia lililopakwa rangi. Vingi viko vitupu chini. Mikono iliyovitengeneza ni mahiri kuliko yangu, imelisha familia na kusomesha watoto, na hakuna mahali popote pa kuijua. Kule Paris, kwenye makao makuu ya UNESCO, kuna ndege wa jiwe la Kisii aliyechongwa na Elkana Ong'esa, na jina lake linatajwa. Wenzake wengi wa Tabaka wamechonga maisha yao yote na wanaitwa Kisii.

Nyumbani kwako kuna kikapu, au chungu, au picha ukutani. Kigeuze leo utazame chini na nyuma. Ukikuta alama, tafuta ni ya nani. Usipokuta kitu, siku utakayopita tena kwa aliyekuuzia muulize jina la aliyekitengeneza, na akikujibu kwamba ni vijana tu wa huko mtaani, tafadhali usiondoke. Muulize ni yupi.